Kalkuleta si haramu, jamani

Najua nimepotea wiki kama tatu hivi, msinilaumu. Field ilinimaliza, halafu narudi chuo nakuta mtandao wa hosteli umekufa. Leo nipo, na nina hasira, kwa hiyo asiyependa kelele apite tu.

Kwa wasiojua, field ya 2025 niliifanyia nyumbani, Ifakara. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Viwanja Sitini, asubuhi nachukua baiskeli yake (Ifakara ukitembea kwa miguu watu wanajua wewe mgeni) naenda shule. Jina la shule naliweka kapuni. Nikapewa hisabati kidato cha tatu, mkondo wenye watoto 62, mada mbili: Functions na Statistics. Nikafurahi kweli, maana hizo ndizo mada ninazozipenda.

Sasa kisa chenyewe. Nilianza Functions kwa njia ya kawaida: jedwali la x na y ubaoni, kutoka -3 hadi 5, kila mtoto akokotoe, achore. Kipindi cha pacha chote, dakika 80, tukapata mchoro mmoja. Mmoja! Na nusu ya darasa parabola zao zilikuwa kama milima ya Udzungwa, zina kona kila mahali. Nikauliza, je, tukibadilisha ile namba ya mwisho, mchoro utafanyaje? Kimya. Kwa nini wasikae kimya, wakati kuujua huo mchoro wa pili kunahitaji dakika 80 nyingine?

Kesho yake nikaja na simu yangu, na nyingine mbili nimeazima kwa wenzangu wa field. Zote zina GeoGebra. Hii ni programu ya bure, aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa mwanafunzi Salzburg, Austria. Ukishaipakua haikuombi bando. Inafanya yote ambayo kalkuleta ya kuchora grafu inafanya, ile mashine ya wenzetu inayouzwa zaidi ya dola 100. Nikagawa darasa mafungu matatu, nikawawekea y = ax² + bx + c na vile vitelezi vya a, b na c. Wakawa wanavuta kwa kidole. Haikupita dakika tano binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu nifike sijawahi kumsikia, akasema kwa sauti, "Kumbe c inaipandisha na kuishusha tu! Haiibadilishi umbo!" Mwingine akadakia, "Na a ikiwa hasi inapinduka." Hao ni watoto ambao jana yake walikuwa wanasinzia.

Hapo ndipo akaingia mkuu wa idara. Mzee wa heshima zake, kila asubuhi namwamkia. Akaniita nje.

"Mwalimu, hapa tunafundisha hisabati, hatufundishi simu."

"Samahani mzee wangu, nilikuwa nawaonyesha tu grafu zinavyo..."

"Kwenye mtihani watakuwa na hiyo simu?"

Nikanyamaza. Yeye ni mtu mzima na mimi ni wa field. Msimamizi alipokuja kutoka chuo akasimuliwa, na kwenye kipengele cha zana za kufundishia nikala 2 kati ya 5. Sawa. Ila lile swali lake limenikaa kooni, na leo nalijibu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu huo mtihani. Mimi nilifanya kidato cha nne 2019. Karatasi ya Basic Mathematics ilituruhusu majedwali ya hisabati, yale tunayoita four figure, na kalkuleta ilikuwa marufuku. Lakini kwenye Fizikia na Kemia, mwezi huohuo, chumba kilekile, kalkuleta isiyo ya programu ruksa. Yaani mtoto akigawanya namba kwenye Fizikia ni mwanasayansi, akigawanya namba hiyohiyo kwenye hisabati ni mwizi. Halafu ukivuka kwenda kidato cha tano ukachukua Advanced, unakutana na mada inaitwa Calculating Devices, na mtihani wa kidato cha sita una swali zima la kubonyeza kalkuleta! Tumemficha mtoto mashine miaka minne, kisha tunampa mtihani wa mashine.

(Naandika kalkuleta makusudi. Ukitamka "kikokotoo" staff room walimu wote wanawaza mafao ya kustaafu, na tangu 2018 hilo neno linauma.)

Wanasema majedwali yanafundisha kufikiri. Jamani! Nani kati yenu aliwahi kuikokotoa logi ya 2.37 mwenyewe? Unashuka na kidole mpaka 2.3, unaenda kulia hadi 7, unanakili. Hizo logi John Napier alizitangaza 1614 ili watu waache kuteseka na kuzidisha namba ndefu. Jedwali ni kalkuleta ya karatasi. Kwa hiyo tunachobishania hapa ni mashine ya mwaka gani iruhusiwe, na sisi tumechagua ya miaka 400 iliyopita.

Tena hiyo marufuku imetupa nini? Kati ya 2017 na 2022 ufaulu wa Basic Mathematics kidato cha nne ulikuwa ukizunguka kwa mtu mmoja kati ya watano. Sisemi kalkuleta ingewafaulisha wale wanne, sina ushahidi huo. Ila wale wanaoniambia "ukiwapa mashine watasahau saba mara nane", nawajibu kwamba hawajapewa mashine na saba mara nane hawaijui. Hiyo kazi ni ya darasa la tatu la msingi, ikifeli kule huwezi kuifidia kwa kumtesa mtu wa miaka 17.

Sasa twende Statistics, maana huko ndiko kunaniuma zaidi. Niliwaambia watoto kumi waulize nyumbani, msimu uliopita mlivuna gunia ngapi za mpunga kwa eka? Wakaleta: 8, 9, 9, 10, 10, 11, 12, 12, 14, 35. Nikatoa kalkuleta yangu ya kidato cha tano (simu nilishaogopa), jumla 130, wastani 13. Sekunde chache. Ikabaki karibu saa nzima ya kuongea. Nikawauliza, nani hapa kwao wamevuna zaidi ya 13? Wawili tu. Sasa huo wastani ni wa nani? Median ni 10.5. Darasa likaanza kugombana, "Ticha, huyo wa 35 anatudanganya!" Tukamuuliza mwenyewe vizuri, kumbe alitaja mavuno ya shamba zima, eka tatu. Tukagawanya, ikawa kama 11.7. Wastani ukashuka hadi kama 10.7. Median palepale, 10.5. Haikutikisika.

Hiyo ndiyo takwimu, wadau. Kujumlisha kunakuja baada. Ningefuata desturi, kipindi kingeishia kwenye assumed mean na safu tano za jedwali, kengele inalia, na yule wa 35 anabaki salama na uongo wake.

Na sisi wa bonde la Kilombero ndio wa mwisho kupaswa kudharau hili. Bonde letu limehesabiwa kuliko mengi Afrika. Pale Idete, miaka ya 1990 mwanzoni, watoto wetu walijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, ya Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1994: kinga asilimia 31. Ukisikia 31 unashangilia. Lakini pembeni yake kuna masafa, kutoka 0 hadi 52. Asiyefundishwa hayo masafa ni nini hawezi kuona kwamba ile sifuri inanong'ona kitu. Baadaye majaribio ya Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga ya kueleweka, ikaishia hapo. Mimi darasani kwangu nilikuwa na mtoto wa Idete. Wazee wake huenda ni namba ndani ya utafiti ule, naye hawezi kuusoma, kwa sababu tunamalizia muda wote kwenye kugawanya kwa mkono.

Nisijifanye malaika. Kalkuleta ilishaniumbua. Mock ya kidato cha sita, swali la standard deviation, nikaingiza data zote kwenye fx-991MS yangu nikiwa nimesahau kufuta zile za zoezi la jana yake. Jibu likatoka zuri kabisa, la data za siku mbili. Nikaandika kwa kujiamini, alama zote zikaenda. Mashine haikukosea, mimi sikuwahi kufundishwa kuitilia shaka. Na hilo unalifundishaje kwa kitu ambacho kiko kwenye orodha moja na vibomu?

Suala la fedha nalikubali, hilo si dogo. Yangu nilinunua elfu kumi na nane, na kwa nyumba nyingi ninazozijua pale mtaani hiyo ni hela ya chakula. Ndiyo maana sisemi kila mtoto anunue, achilia mbali hizo za grafu. Shule iwe na kumi kabatini. Mtihani nao, mashine zinazohifadhi programu mzizuie, naelewa, mtu anaweza kuingia na notisi zote humo ndani. Lakini darasani? Simu moja ya mwalimu, isiyo na intaneti, inayochora grafu tu?

Kwa hiyo mzee wangu, hapana, kwenye mtihani hawatakuwa na simu. Watakuwa na picha kichwani ya c ikiipandisha parabola. Nani atawapekua hiyo mlangoni?

Ripoti ya field inatakiwa Ijumaa. Kwenye kipengele cha changamoto niliandika aya moja kuhusu siku ile, nikaifuta, nikaiandika tena. Ipo. Jana shangazi kanipigia, kuna binti wa sare alipita nyumbani kuulizia jina la "ile programu ya kuvuta". Nimemtajia herufi kwa herufi, akaandika nyuma ya boksi la sabuni.