Mbwa Asiyesimama kwa Mbali Hajafundishwa



Ukurasa huu unasema mara nyingi juu ya kofia, viatu vya usalama na miwani. Leo tuseme juu ya mbwa wa lupango. Wengine watauliza: mbwa anaingia wapi katika mambo ya usalama? Anaingia kwa mlango wa mbele. Mfanyakazi aliyeumwa mguu na mbwa wa jirani asubuhi, siku hiyo hafiki kazini. Mbwa anayekimbia ghafula barabarani anaangusha mtu wa kinga ao wa pikipiki sawasawa na jiwe kubwa lililoachwa njiani. Na mtoto aliyeumwa usoni atabeba alama ile maisha yake yote, kama akipona.

Wazo langu ni hili. Mbwa anayesikia neno akiwa tu miguuni pa bwana wake, huyo hajafundishwa. Kipimo cha kweli ni hatua 20 ao 30, mbwa akiwa anakimbia, na wewe huna kamba mkononi. Kama hapo hasimami, asifunguliwe mlango wa lupango.

Mbwa wa kuokota mawindo

Kuna mbwa waitwao retriever, maana yake mbwa wa kuokota na kuleta. Anayejulikana zaidi ni Labrador. Wazee wake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kule Kanada, nao walipelekwa Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kilimwandika kuwa aina ya peke yake.

Tazama ginsi anavyofanya kazi. Mwindaji anapiga bata, na bata anaanguka mbali, ng'ambo ya maji ao ndani ya majani marefu. Mbwa anakaa kimya kando ya bwana wake, hakimbii mbele ya kutumwa. Akitumwa, anakwenda mita 100 na kupita. Akipotea, mwindaji anapiga firimbi mara moja, kwa nguvu. Mbwa anasimama palepale, anakaa, anageuka kumtazama bwana wake. Mkono ukinyooshwa kuume, anakwenda kuume. Ukinyooshwa kushoto, anakwenda kushoto. Firimbi fupi fupi zikifuatana, anarudi, na ndege yumo kinywani bila kutobolewa.

Angalieni vizuri: mwindaji yule hana kamba, hana fimbo, wala hapigi makelele. Ana alama tu. Na alama inayobeba zingine zote ni ile ya kusimama, kwa sababu mbwa asiyesimama hawezi kuonyeshwa njia.

Sisi watu wa migodi hatuoni jambo hili kuwa geni. Mwenye kuendesha mashine ya kunyanyua mizigo anatazama mikono ya mtu mmoja. Mwenye kushusha watu chini ya udongo anasikiliza kengele. Alama moja, maana moja. Hakuna kapita atakayekubali watu watatu watoe alama tatu mbalimbali juu ya mzigo mmoja unaoning'inia. Lakini nyumbani tunafanya nini? Baba anamwambia mbwa «assis», mama anasema «ikala», mtoto anasema «kaa chini». Kiisha tunasema mbwa huyu ni mjinga.

Ginsi ya kumfundisha

Kwanza, watu wote wa nyumba wapatane juu ya neno moja la kukaa na neno moja la kuja. Luga yoyote inafaa. Mbwa hajali luga, anajali neno lisibadilike. Neno lisemwe mara moja. Ukisema «kaa, kaa, kaa, kaa», unamfundisha kungoja mara ya nne.

Pili, anza karibu, ndani ya lupango lililofungwa, pasipo kelele. Fahamu jambo hili, maana wengi wanakosea hapa. Mbwa aliyefundishwa kukaa mbele ya miguu yako hafikiri kwamba «kaa» ni kukaa popote. Anafikiri «kaa» ni kuja mbele ya miguu yako na kukaa hapo. Ndiyo sababu ukimwambia kwa mbali anakukimbilia kwanza, kiisha anakaa. Si kiburi. Anafanya kamili yale uliyomfundisha. Dawa yake: usimpe chakula akikufuata. Mpelekee wewe pale alipokaa, ao umtupie mbele ya miguu yake. Atajua kwamba faida iko pale alipo, si pale ulipo wewe.

Tatu, ongeza kidogo kidogo. Hatua moja, kiisha mbili, kiisha tano, kiisha kumi. Kuna mambo matatu ya kuongeza: umbali, muda, na vitu vya kumvuta, kama vile kuku, watoto wanaocheza, ao mbwa mwingine. Usiongeze mawili kwa mara moja. Ukirudi nyuma hatua kumi, kuku wasiwepo. Kuku wakiwepo, rudi karibu, hatua mbili tu. Akishindwa mara mbili zikifuatana, umekwenda mbio kupita yeye. Punguza.

Ine, mfundishe mkono na firimbi. Alama mpya inatangulia, neno la zamani linafuata: inua mkono, kiisha sema «kaa». Ukifanya hivi siku nyingi, atakaa kwa kuona mkono peke yake. Mkono uende kwa nguvu, kwa maana jicho la mbwa linaona kitu kinachotembea kuliko kitu kilichotulia. Wala usitegemee kitambaa chekundu: mbwa hatenganishi vizuri rangi nyekundu na majani mabichi. Firimbi ni nzuri kwa sababu haina hasira wala usingizi. Baba aliyechoka na mama mwenye haraka wakiipiga, sauti ni ileile.

Tano, tumia kamba ndefu ya mita 10 kwa majuma ya kwanza, lakini si kwa kumvuta. Iburute chini tu, ili akijaribu kukimbia uweze kukanyaga mwisho wake. Vaa viatu na glavu, na watoto wasimame mbali, maana kamba inayokimbia inakata ngozi na kuangusha mtu.

Sita, usimwite mbwa ili umpige. Mbwa aliyeitwa, akaja, akapigwa, amefundishwa kutokuja. Siku atakapokuwa katikati ya barabara na kamiyo inakuja, utamwita, naye ataikumbuka fimbo yako.

Mtu atasema: «Nimetoka kazini, nguvu imekwisha, sina saa ya kuchezea mbwa.» Inatosha dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Mbwa anayefundishwa saa nzima anachoka, na akichoka hajifunzi kitu. Wala hakuna haja ya kununua chakula cha pekee. Chukua bukari yake ileile ya jioni na samaki wadogo wakavu, umpe tonge kwa tonge kila anapotii, badala ya kumwagia vyote mara moja katika sahani. Gharama haiongezeki hata kidogo.

Wanaosema mbwa wa ulinzi asifundishwe

Kuna neno moja linalosikika sana: mbwa akifundishwa kutii, ukali unakwisha, mwizi atamzoea. Ndugu, nani kati yetu amesema kwamba breki zinapunguza nguvu ya kamiyo? Kamiyo yenye mtambo wenye nguvu bila breki haingii kazini. Inawekwa pembeni na kufungwa. Mbwa mkali asiye na neno la kusimama ni kamiyo ile ile. Yeye hajui kama anayeruka ukuta ni mwizi ao ni mtoto wa jirani anayefuata mpira wake. Wewe ndiye unajua. Neno lako lifike kwake mbele ya meno yake kufika kwa mtoto.

Wengine wanamfunga mbwa kwa mnyororo mfupi mchana wote, na kusema wameleta usalama. Mnyororo unakatika, na mbwa aliyeshinda amefungwa peke yake siku nzima hajui watu. Akiachiwa, kila anayepita ni adui. Ukuta mzuri na mlango unaofungwa ni vya lazima, tunakubali. Lakini mlango unaachwa wazi na mgeni ao na mtoto. Siku hiyo, kinachobaki ni neno la kwa mbali.

Kichaa cha mbwa

Kumfundisha mbwa hakuchukui nafasi ya shindano lake. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unaua watu 59 000 hivi kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Azia. Karibu watu 99 kwa 100 wanaoupata wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana katika mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya dalili, ugonjwa unazuilika. Hayo yalijulikana tangu mwezi wa Julai 1885, wakati Louis Pasteur aliposimamia chanjo ya kijana Joseph Meister wa miaka 9, kule Paris, naye akaishi.

Basi mtu akiumwa ao akikwaruzwa na mbwa: osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama kidonda ni kidogo. Usitie pilipili, majivu, mafuta wala majani. Kiisha nenda lopitali siku ileile, munganga aamue juu ya mashindano. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na hapa mafundisho yanasaidia mara ya pili. Mwenye mbwa anayetii kila siku anaona mapema mabadiliko yake. Mbwa aliyekuwa anakaa kwa alama moja, leo hajui bwana wake, sauti yake imebadilika, mate yanatoka, anauma hewa ama mawe: huyo si mbwa mkaidi. Usimwite, usimguse, usimpige. Ondoa watoto, funga mlango, na umjulishe munganga wa wanyama upesi.

Watoto nao wajue kwamba mbwa wasiyemjua akija mbio, wasikimbie wala kulia kwa sauti. Wasimame wima kama mti, mikono kando ya mwili, wasimtazame machoni, mpaka aondoke.

Tunaomba nini

Katika kambi nyingi, wakubwa wanauliza kama mbwa amepata shindano. Ni vizuri. Ninasema waulize swali la pili: je, anasimama kwa mbali? Jaribu si la shida. Siku ya pumziko, ndani ya lupango lililofungwa, mwenye mbwa asimame hatua 20, amwache mbwa aanze kutembea, ampe alama mara moja. Akikaa, sifa kwa mwenye nyumba. Asipokaa, asichekwe, lakini mlango wake ukae umefungwa, mbwa atembezwe kwa kamba, na mafundisho yaanze jioni ileile, kwa hatua moja.

Kazini hatumpi mtu mashine asiyojua kuisimamisha. Tusimwache mtu nyumbani na mbwa asiyejua kumsimamisha, katikati ya watoto wetu.