Kufaulu na Kufaa

Mwaka jana alinijia ofisini kijana niliyepata kumfundisha. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, mbali na mji. Tulipokwisha kuamkiana nilimwuliza, "Bado uko kule kule?" Akainama, akajibu, "Bado, Mwalimu." Alipokwisha kuondoka ndipo nilipotambua kuwa nimemtukana, na tusi lenyewe lilikuwa neno "bado". Kwa muda wa miaka 9 kijana yule amewatoa watoto katika giza la kutojua kusoma, nami nilimwuliza kama mtu aliyekwama matopeni. Naandika makala haya kwa kuwa naamini kosa lile si langu peke yangu. Ni kosa la chuo kizima, na huenda likawa kosa la zama zetu.

Sisi wasomi twapenda kumpima mtu kwa umbali aliotoka, hatumpimi kwa faida aliyoiacha. Kijana akihama kijiji kwenda mji, twasema amekua. Akitoka darasani kwenda ofisini, twasema amekua zaidi. Akipata gari, cheo na nyumba yenye ukuta mrefu, twasema amefaulu, na hapo twafunga hesabu. Hapana aulizaye ni nani aliyenufaika na safari hiyo ndefu.

Lugha yetu ina busara kuliko sisi tunaoifundisha. Imetupa neno kufaulu, ikatupa na neno kufaa. Kufaulu ni jambo la mtihani: hufanywa siku moja, na mtu huweza kufaulu peke yake chumbani. Kufaa hakuwezekani peke yake, maana hapana afaaye bila ya kuwapo anayefaliwa. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakumtaja aliyefaulu. Siku hizi vijana wamezua neno jingine, kutoboa. Hutakiana heri kwa kuambiana kwamba watatoboa maisha. Mtu wa pwani husikia neno hilo akashtuka, maana chomboni atoboaye ni adui wa abiria wote. Siwalaumu vijana, wametaja kwa uwazi jambo ambalo sisi wakubwa tumelitenda kwa siri.

Hata juu ya kukua lugha imetuonya. Twamwita mtu mzima yule aliyepita utoto, na neno hilo hilo mzima lina maana ya kitu kisicho na ufa wala pengo. Basi mwenye vyeo vitatu asiyeweza kumwitikia jirani aliyefiwa, je, ni mzima? Tena wahenga walisema ukubwa ni jaa. Mkubwa hutupiwa taka za watu wote naye huzipokea. Sisi twautafuta ukubwa ili tuwe mbali na taka.

Ugomvi huu si mpya. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumike kwa muda huku wakipata sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Watu wamebishana sana juu ya adhabu hiyo, nami sina haja ya kuitetea. Lakini katika tukio lile lile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, 1967, yalitoka Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Swali lililokuwa chini ya yote hayo lilikuwa moja: shahada ni deni au ni tuzo? Siasa ya siku zile imepita, na mengi katika hiyo hayakufanikiwa. Swali halikupita. Tumeacha tu kuliuliza, kwa sababu jibu lake lina gharama.

Mtazameni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, akaanza ukarani wa forodha mwaka 1926, na kwa miaka mingi akabaki karani katika idara za serikali ya kikoloni. Hakusoma chuo kikuu. Kwa kipimo chetu alikuwa "bado yuko kule kule" mpaka utu uzima wake. Lakini alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameiachia lugha hii hazina ambayo bado twaichota, na wengi wetu tumepata shahada za uzamivu kwa kumchambua karani huyo. Katika *Utubora Mkulima*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, alimsawiri mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima. Twakifundisha kitabu hicho asubuhi, na jioni twamcheka mwanafunzi aliyerudi kwao kulima.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ni rahisi kwa mwenye mshahara kuwahubiria wengine kutosheka, na kwamba mwenye njaa hana miko. Jibu hilo ni la haki, nami nalipokea. Umaskini si adili, na mwalimu wa kijijini hastahili kulipwa sifa mahali pa ujira. Ajengewe nyumba, alipwe vema, apandishwe daraja. Lakini kumpunja mtu haki yake ni dhuluma moja, na kumwonesha kwamba kazi yake ni aibu ni dhuluma ya pili. Ya kwanza hutendwa na wenye hazina. Ya pili hutendwa na sisi, tena bure.

Na tuanze basi kwetu. Twahesabiana makala tuliyochapisha ili tupande daraja. Hatuhesabiani wanafunzi tuliowasimamisha kwa miguu yao. Mimi nimekwisha pandishwa daraja kwa makala ambayo sidhani kwamba yamesomwa na watu 20. Nilipongezwa. Kijana yule hajapongezwa na mtu, na mimi, niliyepaswa kuwa wa kwanza, nilimwinamisha kichwa.

Akija tena sitamwuliza yuko wapi. Nitamwuliza mwaka huu ni watoto wangapi wamejua kusoma, kisha nitanyamaza nisikilize.