Kizazi Kitazamwe Kwanza: Ilani ya Wanawake wa Manga

Sisi, wanawake wa Manga na wa Kisii na Nyamira nzima, ambao hedhi hutuangusha tukichuma majani chai, tumekutana chini ya genge la Manga kuanzisha vuguvugu hili.

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Sisi tuliosubiri tumeitwa tasa, tukaambiwa tumerogwa. Ugonjwa wetu una jina: adenomayosisi. Utando wa ndani ya kizazi hupenya hadi kwenye msuli wake. Msuli huvimba, damu hutoka nyingi, tumbo huuma. Kizazi kama hicho hushika kiinitete kwa shida, na mimba ikishika huharibika kwa wepesi zaidi.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa maabara mwaka 2006. Wapo kati yetu waliouza ng'ombe na shamba wakaenda kupandikizwa mimba, nao wakajulishwa jina la ugonjwa pesa zikiwa zimekwisha. Hakuna anayemwaga wimbi kwenye shamba asilolitazama.

Kwa hiyo tunadai:

1. Anayetafuta mtoto, na hedhi yake ni nzito au chungu, apigwe ultrasaundi ya kupitia ukeni na mtu aliyefunzwa kuutambua ugonjwa huu, kabla hajalipia kupandikizwa. Mumewe naye apimwe.

2. Mafunzo hayo yafike hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira, si Nairobi tu.

3. Ugonjwa ukionekana, tuelezwe njia zilizopo: kwa mfano, kugandisha viinitete, kuchomwa sindano za kuzima homoni kwa miezi 2 au 3 ili kizazi kinywee, ndipo kupandikizwa. Tuambiwe pia ukweli kwamba si kila mmoja atafanikiwa.

4. Anayetaka kuzaa asiharakishwe kutolewa kizazi.

5. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilipie uchunguzi na matibabu haya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaja huduma ya afya ya uzazi kuwa haki.

Nasi tunaahidi: tutasindikizana kliniki. Tutawaambia binti zetu kwamba hedhi ya kuzimia si ya kuvumiliwa. Hatutakaa kimya mwenzetu akisimangwa.

Atakayepata mtoto tutamwimbia. Atakayekosa hatutamwacha bila jina: tutamwita mama.