Bustani Bila Fedha ni Maneno Matupu



Mshahara ukifika katikati ya mwezi, kodi ya nyumba haipungui, nauli haipungui, wala karo ya watoto haingoji. Kinachopungua ni sahani. Nyama huondoka kwanza, kisha matunda, mwishowe mboga huwa kidogo na ugali huwa mwingi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Basi tufanye hesabu. Nyumba ya watu wazima 5 yahitaji kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Ni wangapi kati yetu wanaofikia hata nusu ya hapo?

Sukuma wiki ilipewa jina lake na watu kama sisi, maana ndiyo iliyotusukuma mpaka siku ya mshahara. Lakini hata hiyo hutoka mbali. Husafiri kwa lori mpaka Marikiti, kisha hupita mikono kadhaa kabla ya kufika mtaani, na mvua ikiharibu barabara bei hupanda siku ile ile. Hatumlaumu mama mboga, maana naye ni mfanyakazi na ana watoto wa kulisha. Twasema tu kwamba mji wa watu zaidi ya milioni 4, kama ilivyohesabiwa mwaka 1999 kuwa milioni 2 na mwaka 2019 kuwa mara mbili ya hapo, hauwezi kungojea lori peke yake.

Kwa hiyo twaunga mkono bustani za jumuiya, yaani kiwanja kimoja kinacholimwa na majirani pamoja. Jambo hili si ndoto. Huko Kibera, tangu baada ya ghasia za 2007 na 2008, watu wengi wamepanda mboga katika magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati huwekwa mawe ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Mahali pa gunia moja hapazidi mahali pa kiti, na sukuma wiki yake huchumwa wiki baada ya wiki.

Tena sheria si ile ya zamani. Tulikuwa tukifukuzwa na mimea yetu ikifyekwa. Mwaka 2010 Katiba, kifungu cha 43, ilisema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha na kilicho bora. Mwaka 2015 Nairobi ilitunga sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Ruhusa tunayo. Lakini ruhusa haijazi tangi, wala haijengi ua. Mkono mtupu haulambwi.

Kitu cha kwanza kinachotaka fedha ni maji. Wako wenzetu wanaolima kando ya mito ya Nairobi kwa maji machafu. Hawafanyi hivyo kwa kupenda, bali hawana bomba, na kununua maji ya mtungi kwa kumwagilia ni hasara tupu. Maji yale huchukua uchafu wa vyoo na wa viwanda, na mboga zake zaweza kumdhuru anayezila. Bustani ya namna hiyo hatuitaki. Twataka bomba, tangi la maji ya mvua, udongo safi, samadi, ua, na barua ya kusema kiwanja ni chetu kwa miaka kadhaa. Bila barua, siku mboga zikinawiri ndiyo siku tingatinga litakapokuja.

Wako wanachama wanaotupinga. Husema kazi ya chama ni kudai mshahara, si kugawa magunia. Wana sababu ya kuogopa, na tusiwacheke. Wakati wa ukoloni mfanyakazi Mwafrika alilipwa kama mtu asiye na mke, kwa hoja kwamba mkewe na watoto watakula shambani. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ndiyo iliyotamka kwamba mshahara wapaswa kutosha jamaa nzima. Hivyo mwajiri yeyote akija kutuambia, "Mna bustani sasa, nyongeza ya nini?" jibu letu ni moja: bustani si sehemu ya mshahara. Isiandikwe katika mapatano ya kazi kama badala ya shilingi hata moja. Twaidai pamoja na nyongeza.

Fedha zitoke wapi? Kwanza, kaunti. Kila mwaka makadirio hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Mara nyingi sisi hatuendi, halafu twanung'unika. Kila tawi lichague watu wake waende na ombi lililoandikwa: kiasi fulani kwa maji ya bustani za mitaa, na mitaa hiyo itajwe kwa majina.

Pili, makato ya nyumba. Tangu sheria ya mwaka 2024, katika kila shilingi mia ya mshahara hukatwa shilingi moja na senti hamsini, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kama nyumba zajengwa kwa jasho letu, yafaa ramani zake ziwe na mahali pa bustani na bomba lake, si maegesho ya magari tu.

Tatu, sisi wenyewe. Watu 10 wakijiandikisha kuwa kikundi cha jumuiya, waweza kufungua akaunti na kupokea msaada kwa jina la kikundi. Kila mmoja atoe kidogo kila mwezi, hesabu isomwe mbele ya wote, na risiti zitunzwe. Fedha za bustani zikiliwa na mtu mmoja, hata mwaka wa pili hautafika.

Neno moja kwa watu wa reli. Ardhi ya kando ya njia isilimwe bila ruhusa, na mahindi yasipandwe karibu na mahali ambapo barabara huvuka reli, maana humziba dereva wa treni asione mbele. Lakini karibu na stesheni na nyumba za wafanyakazi mna viwanja vinavyoota magugu. Hivyo ndivyo chama kiviombe, kwa barua.

Twaomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa kila tawi, kabla makadirio hayajafungwa. Umoja ni nguvu.