Mchumba Sugu ni Mimi

Hapa chuoni tukisema "mchumba sugu" huwa tunacheka. Ni yule dada anayeambiwa kila mwaka "tutafunga mwakani", au yule kaka anayejulikana ukweni mpaka na mbwa wa pale, lakini mshenga hajatumwa. Tunamcheka anayesubiri. Anayesubirisha hatumuulizi kitu. Naandika makala hii kwa sababu katika uhusiano wangu anayesubirisha ni mimi, na nina hoja moja nataka tubishane: urefu wa mapenzi siyo sifa. Cha kuuliza ni huo muda umewafanya nini akilini, nyote wawili.

Nieleze kwanza nilipo. Kwetu ni Kamachumu, wilaya ya Muleba. Huyu binti tulianza tukiwa kidato cha tano, na huu ni mwaka wa sita. Yeye anafanya kazi katika duka la dawa Bukoba mjini na amepanga chumba Kashai. Mimi niko Mwanza kwenye shule. Likizo ikifika napanda meli usiku, asubuhi nashuka bandarini Bukoba, nakunywa chai kwake, tunazunguka kidogo, jioni napanda haisi ya Muleba na kushuka Muhutwe, halafu natafuta pikipiki ya kunipandisha mlimani. Safari hiyo nimeifanya mara nyingi mpaka nikaanza kuamini kuwa ndiyo mapenzi yenyewe. Sikuwahi kuona kwamba siku zote mimi ndiye ninayesafiri, yeye ndiye anayekutwa.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kwa Krismasi, kama tulivyozoea Wahaya. Bibi alikuwa amekaa chini anamenya ndizi. Bila hata kuinua macho akaniuliza, "Yule binti wa Bukoba, umemfikisha wapi?"

Nikamjibu, "Tuko vizuri tu, bibi."

"Waitu, sijauliza mko vipi. Nimeuliza umemfikisha wapi."

Nilikasirika kidogo, nikiri. Ndani ya moyo nilikuwa na orodha ya kujitetea. Sijawahi kumwacha. Sina mchepuko. Bumu likiingia namtumia chochote. Wangapi hapa chuoni wanaweza kusema hivyo? Wenzangu wanabadilisha wapenzi kila semista, mimi nina mmoja tangu sekondari. Nilitegemea kupongezwa.

Wakati wa kurudi nikapita Kashai. Nikamsimulia swali la bibi kama kichekesho. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo alishawahi kuniambia, nami nikalisahau kabisa: miaka 2 iliyopita aliitwa kazini Biharamulo, mshahara mzuri kuliko wa hapa, na akaniuliza aende au abaki. Mimi nikajibu, "Angalia mwenyewe." Akaangalia mwenyewe, akakataa ile kazi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Niliogopa utashuka kwenye meli usinikute."

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma mambo ya saikolojia ambayo hayamo kwenye kozi yangu. Nimekuta kwamba moja ya kazi kubwa katika jambo hili ilianzia karibu na sisi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, akafuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa anawatembelea akina mama nyumbani na kutazama watoto wachanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake haishi kumng'ang'ania. Kinyume chake, anatambaa kwenda mbali, anachezea vitu, anageuka kidogo kuhakikisha mama bado yupo, kisha anaendelea. Asiye na uhakika ndiye anayelia na kushikilia nguo. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, wakatoa hoja kwamba mapenzi ya watu wazima hufuata njia hiyohiyo. Mpenzi wako wa muda mrefu anakuwa mahali pa kuondokea na pa kurudia.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Maana mtoto anayetambaa kwenda mbali ni mimi. Nimekuja Mwanza, nimegombea uongozi wa darasa, nimepata supu mara mbili na sikuvunjika, kwa sababu kila usiku nilikuwa na mtu wa kumpigia. Wenzangu walikuwa wananiuliza, mbona wewe hata ukifeli unalala? Nilidhani nina roho ngumu. Kumbe roho yangu ngumu ilikuwa inakaa Kashai, na gharama yake ilikuwa inalipwa na mtu mwingine. Yeye hakuwa na uhakika nami, kwa hiyo hakwenda popote. Ameniambia kuwa kuna miezi alikuwa anaamka saa tisa usiku na kusoma meseji zangu za zamani akitafuta kama kuna mahali niliwahi kusema lini. Siku hizi hata kitambaa cha nguo ananiuliza kwanza. Nilikuwa nafurahia hilo, naona ni heshima. Leo naona ni mtu aliyepoteza mazoea ya kuamua.

Sisemi kwamba kukaa pamoja muda mrefu ni vibaya. Kinyume chake, ushahidi unaonyesha ni dawa. Mwaka 2006 James Coan na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 16 walioolewa. Waliwalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaambia wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wengine tungekimbia! Mara walishika mkono wa mume, mara wa mtu wasiyemjua, mara hawakushika mkono wowote. Ubongo ulionyesha hofu ndogo zaidi waliposhika mkono wa mume, na ndoa ilivyokuwa nzuri zaidi ndivyo utulivu ulivyozidi. Hiyo sehemu ya mwisho naomba isipitwe. Ubora wa kilichomo ndani ya ndoa ndio ulioongeza nguvu ya ule mkono.

Nimeyaona haya nyumbani Kamachumu. Bibi na babu waliishi pamoja zaidi ya miaka 50. Babu ndiye aliyekuwa anakumbuka mipaka ya kibanja na nani anadaiwa kahawa. Bibi ndiye aliyekumbuka magonjwa, majina ya watoto wa ukoo na nani tusimpe jembe tena. Kila mmoja aliachia nusu ya akili kwa mwenzake bila wasiwasi. Babu alipofariki, bibi aliendelea miezi mingi kuchemsha chai ya watu wawili, na mpaka leo tukizungumzia mpaka wa upande wa bondeni anageuka kutazama kiti cha babu. Kwa hiyo mapenzi ya muda mrefu yanakubadilisha, huwezi kukwepa. Unamkabidhi mtu sehemu yako. Ila bibi alimkabidhi mtu aliyekuwa amemchagua mbele ya watu, na alijua anampa nani.

Sasa kwa nini watu wanabaki mahali pasipo na jibu? Mwanasaikolojia Caryl Rusbult alianza kuandika juu ya swali hili mwaka 1980. Alisema mtu hubaki kwa sababu ya mambo matatu: anaridhika kiasi gani, ana mbadala gani, na ameshaweka nini humo ndani. Hilo la tatu ndilo linalotumaliza. Wanaosoma biashara wanajua kuhusu gharama zisizorudi, kwamba ulichokwisha kutumia hakipaswi kuamua kesho yako. Darasani tunapata alama kwa kujibu hivyo. Tukirudi hosteli tunasema, "Nimetoka naye mbali, siwezi kuanza upya." Yeye aliweka miaka sita na kazi ya Biharamulo. Mimi niliweka nauli ya meli. Mtaona wenyewe nani alikuwa na uwezo wa kuondoka.

Na kwetu Kagera kuna jambo la ziada. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983. Wazazi wetu walikua wakizika. Ndiyo maana mama yangu, tangu nikiwa kidato cha nne, mawaidha yake ni mafupi: "Tulia na mmoja." Ni neno la mtu aliyeona makaburi, silidharau hata kidogo. Lakini mimi nililifanya kichaka cha kujificha. Nilitulia na mmoja, nikaona nimemaliza wajibu. Mama alinifundisha nisimdhuru kwa kutangatanga, sikujifunza kwamba naweza kumdhuru nikiwa nimekaa palepale.

Kuna wanaopenda kuleta sheria. Vijana wa geto wanataniana kwamba ukimaliza miaka 2 na mtu tayari ni mkeo. Siyo hivyo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazungumzia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi mpaka wakajulikana kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu inayoweza kupingwa mahakamani. Mimi wa Mwanza na yeye wa Kashai hatumo. Sheria hiyohiyo inampa aliyeahidiwa ndoa, kisha ahadi ikavunjwa, nafasi ya kudai fidia. Sasa angalia ujanja wetu. Mimi katika miaka sita sijawahi kuahidi. Nilisema "tutaona", "Mungu akipenda", "nimalize kwanza shule". Mama yake ananiita mkwe nami naitika. Hakuna hakimu anayeweza kunishika, lakini yeye alikuwa anaishi juu ya maneno hayo.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeitumia sana. Ajira hakuna. Kuna waliomaliza mbele yetu ambao bado wako nyumbani wanasaidia kulima. Mahari haingoji, na ukoo unataka kuona ng'ombe, rubisi na suti. Kijana wa miaka 24 atoe wapi? Ni kweli, na mimi sisemi watu waoane kesho. Kuchelewa siyo kosa. Kosa ni kumfanya mtu achelewe bila kumwambia mnachelewea nini. Mtu akikwambia, "Sina kitu sasa, nakuchagua, nipe miaka 3, wewe nenda Biharamulo na mimi nitakufuata," anakupa jambo la kupanga nalo maisha. Hata akikwambia, "Kusema kweli sina uhakika na wewe," amekuumiza lakini amekurudishia akili yako. Asiyesema lolote anaichukua na kuondoka nayo kwenye meli.

Kwa hiyo wewe uliye na uhusiano wa muda mrefu, acha kidogo kuhesabu miaka na kuposti kumbukumbu. Jiulize: tangu mwanze, kuna nini umethubutu kwa sababu yake? Mwenzako naye amethubutu nini kwa sababu yako? Kama orodha ni ndefu upande mmoja na mwingine hakuna kitu, hayo mapenzi yana mtu mmoja anayekua na mwingine anayesinyaa, hata kama hamjawahi kugombana. Na kama wewe ndiye unayesinyaa, usisubiri umchukie ndipo uondoke. Muulize swali la bibi yangu, na usikubali jibu la "tuko vizuri".

Nami nilijibu, baada ya miaka sita. Sikumwambia naenda kutuma mshenga, kwa sababu ingekuwa ni woga umevaa suti. Nilimwambia ukweli: kwamba nimekuwa namtegemea bila kumchagua, na kwamba sijui kama ninachokiona ni mapenzi au ni mazoea ya kupokewa. Alilia, kisha akaomba siku chache. Mwezi uliopita ameomba tena kazi nje ya Bukoba na safari hii hakuniuliza. Nimegundua kwamba nina hofu. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayeamka usiku kusoma meseji za zamani.

Makala hii ameisoma kabla yenu, kwa sababu nusu ni yake. Amekubali itoke. Amesahihisha sehemu moja tu: amesema nisimwandike kama mtoto wa kuonewa huruma, kwamba hata yeye alikuwa na mdomo wa kuuliza na miguu ya kuondoka, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa jibu. Nikamuuliza kama bado analiogopa. Akasema nitaandika lini mitihani yangu ya mwisho, nikamwambia. Akasema tutaongea baada ya hapo, yeye ndiye atakayekuja Mwanza.