Moyo ukisimama Hanga: mashine ya Ulaya au mikono ya jirani?

Tangu kipindi chetu cha afya kilipogusia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, swali kutoka upande wa Hanga limekuwa moja: kama mashine hiyo ipo duniani, kwa nini isiletwe Songea? Ni swali la haki. Mtu anaanguka ghafla shambani au kanisani, hapumui, na kabla gari halijapatikana watu wameshaanza kulia. Tumeona tulijibu kwa kirefu.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Damu ya mgonjwa hutolewa kwa mpira mnene unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, hupita kwenye pampu na kifaa cha kuitia oksijeni, kisha hurudishwa mwilini. Moyo unaweza kuwa umelala kabisa, na ubongo ukaendelea kupata damu. Mashine ya namna hiyo ilitumika kwa mafanikio mara ya kwanza kwenye upasuaji wa moyo mwezi Mei 1953, huko Philadelphia, Marekani, mikononi mwa daktari John Gibbon. Hata kwetu si ngeni kabisa: upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na leo unafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kilicho kipya ni kuitoa kwenye chumba cha upasuaji na kuipeleka idara ya dharura, kwa mtu ambaye moyo umesimama na hata kushtuliwa kwa umeme hakujasaidia.

Je, inaokoa? Hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni huishia nusu. Mwaka 2020 madaktari wa Minnesota, Marekani, walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 14 waliopangiwa mashine hiyo, 6 walitoka hospitali wakiwa hai. Kati ya 15 waliotibiwa kwa njia ya kawaida, alitoka mmoja tu. Dunia ikashangilia. Mwaka 2023 Uholanzi nayo ikatoa majibu yake, safari hii kutoka hospitali kadhaa badala ya timu moja iliyozoea kazi hiyo: waliopona wakiwa na akili timamu walikuwa kama 20 katika kila 100 kwa mashine, na 16 bila mashine. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Na hiyo ni Uholanzi, nchi ndogo, tambarare, yenye magari ya wagonjwa kila upande.

Kinachoamua ni dakika. Moyo ukisimama na hakuna anayefanya chochote, nafasi ya kupona hupungua kwa takribani 7 hadi 10 katika 100 kwa kila dakika inayopita. Kwa hiyo wagonjwa wanaochaguliwa kufungiwa mashine ni wale ambao mtu aliwaona wakianguka na akaanza kuwakandamiza kifua papo hapo, kisha wakafikishwa hospitali ndani ya saa moja hivi. Mashine hupokea uhai ambao mikono ya mtu mwingine imeushikilia njiani. Ingewekwa Songea leo, mgonjwa wa Hanga asiyekandamizwa kifua angeifikia akiwa amechelewa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, hatuna haja ya kuizungumzia.

Hatusemi serikali imelala. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi nchini. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeonyesha kwamba simu ya bure ya 115 inaweza kumpata dereva hata kijijini, awe wa gari la wagonjwa au mwanajamii anayelipwa kwa safari. Lakini huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee aliyeanguka hana namba kama hiyo. Kwa maoni yetu, shilingi ya kwanza iende huko, na ya pili kwenye mashine za kushtua moyo na watu waliofundishwa kuzitumia. Diwani akija kuomba kura, muulizeni hilo.

Wakati huo huo, aliye karibu afanye nini? Mtikise mabega, mwite. Kama haitiki na hapumui, au anakoroma kwa kuvuta pumzi moja moja, usimmwagie maji wala usimnyweshe kitu. Mlaze chali chini, siyo kitandani. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, kandamiza hadi kifua kizame sentimita 5 au zaidi kidogo. Achia kabisa kifua kirudi juu, rudia, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Inachosha sana, hivyo pokezaneni kila dakika mbili huku mwingine akitafuta usafiri. Mbavu zinaweza kulia. Usiache kwa sababu hiyo.

Tuseme kweli: kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo, mahali pasipo na mashine ya kushtua, wengi hawatarudi hata tukikandamiza vizuri. Wapo ambao nafasi yao ni kubwa zaidi. Aliyezama mtoni anahitaji kupuliziwa pumzi kwanza, kisha kifua. Mtoto mchanga asiyelia anahitaji hewa ndani ya dakika moja, na hapa Tanzania tuna ushahidi wetu: utafiti uliotangazwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane nchini ulionyesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa kutumia mfuko wa kupulizia hewa na barakoa yake, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa karibu nusu. Mfuko huo hauna hata waya.

Na aliyepigwa na radi. Wengi huogopa kumgusa wakidhani umeme bado umo mwilini. Haumo. Mara nyingi moyo wake ni mzima, umesimama kwa mshtuko tu, na pumzi huchelewa kurudi kuliko mapigo. Hakikisheni ninyi wenyewe hamko chini ya mti, kisha mpulizieni na kumkandamiza kifua bila kusubiri gari.