Huduma nazo ni kazi, zipimwe kwa haki



Nami nataka nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia redioni na kulisoma magazetini bila kulidadisi. Jambo lenyewe ni namna tunavyopima mapato na tija ya sekta ya huduma katika nchi yetu. Mimi si mtaalamu wa uchumi. Ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani, niliyesomea kazi hii katika chuo cha ualimu, na kila likizo huja hapa Mwananyamala kwa dada yangu ambaye ni mama lishe.

Likizo ya Juni, jioni moja tulikuwa tumekaa barazani huku Msisiri. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, aliniambia hivi: "Mwalimu, sisi tulitoa majora. Jora likitoka mashineni linahesabiwa. Wewe unatoa nini? Na dada yako huyu anatoa nini? Sahani zake zinarudi tupu!" Watu wote walicheka. Nami nilicheka, kwani ni mzee wangu na utani ni wake, lakini usiku ule swali lake lilininyima usingizi.

Kwa hakika mzee yule hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, aliwaweka watumishi wa nyumbani, waganga, wanasheria na wanamuziki katika kundi la watu ambao kazi yao haizalishi, kwa sababu ikiisha kufanyika hakibaki kitu cha kushika mkononi. Nchi ya Urusi ya Kisovieti na wenzake walihesabu pato lao kwa vitu tu, na mwalimu na daktari wakaachwa nje ya hesabu ya uzalishaji. Hapa kwetu, mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walikamatwa wakihesabiwa kuwa wazururaji, wakarudishwa vijijini wakalime. Hivyo ndugu wasomaji msidhani kuwa hesabu ni mambo ya ofisini tu. Asiyeonekana katika hesabu anaweza kuonekana mzururaji.

Asubuhi yake nilichukua daftari, nikamwomba dada ruhusa nimhesabie kazi yake ya siku moja. Anauza chakula karibu na Komakoma. Siku hiyo aliuza sahani 62 za mchana kwa Sh. 2,000 kila moja, yaani Sh. 124,000, na chai na maandazi ya asubuhi Sh. 21,000. Jumla Sh. 145,000. Mtu mwepesi wa kusema atasema hilo ndilo pato lake. Sivyo. Mchele, mboga, samaki, mafuta, mkaa, unga, sukari na maji vilimgharimu Sh. 92,000. Vitu hivyo vimezalishwa na wengine: mkulima wa mpunga, mvuvi, mchoma mkaa. Tukivihesabu kwake na kwao tutakuwa tumehesabu mara mbili. Kilichoongezwa na mikono ya dada na binti anayemsaidia ni Sh. 53,000. Hiyo ndiyo inayoingia katika Pato la Taifa, na ndani yake umo ujira wa yule binti na faida ya dada mwenyewe. Basi nikamjibu mzee wangu: mchele mbichi haukuliwa, mama lishe ameugeuza kuwa chakula. Sahani imerudi tupu, lakini dereva wa bodaboda ameshiba na amerudi kazini.

Hali kadhalika nilitafuta tija. Dada aliamka saa 10 alfajiri, akafunga kazi saa 11 jioni: saa 13. Binti alifanya saa 10. Jumla saa 23. Gawa Sh. 53,000 kwa saa 23, utapata kama Sh. 2,300 kwa saa. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe ndiyo kwanza nimeanza, kwa maana matatizo matatu yalinikabili.

La kwanza ni bei. Kabla ya hapo dada aliuza sahani kwa Sh. 1,500, na wateja walikuwa wale wale 62. Kwa bei ile mauzo ya mchana yalikuwa Sh. 93,000. Zile Sh. 31,000 zilizozidi hazikuleta hata punje moja ya wali tumboni mwa mtu. Ndiyo sababu wataalamu huchagua mwaka mmoja wa msingi na kupima miaka mingine kwa bei za mwaka huo. Lakini kwa jora la kitanga ni rahisi: mita ni mita. Kwa wali, je? Kama mchele umepanda naye akapunguza upawa, sahani bado inahesabiwa sahani. Na kama ameweka benchi la kivuli na maji safi ya kunawa, sahani ni ile ile lakini huduma ni bora zaidi. Hesabu haioni yote hayo, na huduma nyingi ziko hivyo.

La pili ni kungoja. Pale Komakoma, dada alipoanza kazi walikuwapo mama lishe watatu. Sasa wako sita, lakini wateja hawakuongezeka mara mbili. Kila mmoja hupika kidogo na kukaa sana akifukuza nzi. Sahani zote za mtaa zikijumlishwa zimeongezeka kidogo, lakini saa za kazi zimeongezeka sana. Kwa hiyo huduma inakua na tija inashuka kwa wakati mmoja. Jambo hili nawaomba wananchi walitazame vizuri. Tukisikia kwamba sekta ya huduma imepanuka na kuajiri watu wengi, tuulize: wamevutwa na kazi yenye manufaa zaidi, au wamesukumwa na jembe kwa sababu shamba halilipi? Vijana wanaokaa na pikipiki zao kijiweni Barabara ya Mwinjuma wakingoja abiria wote wameajiriwa. Lakini nusu ya kazi yao ni kungoja. Hawana uvivu hata kidogo. Wanagawana kazi isiyowatosha.

La tatu ni kuonekana. Dada hana vitabu vya hesabu. Zamani nao wenye magari binafsi walibeba abiria wa jiji hili kwa kificho, mpaka mwaka 1983 Serikali ilipowaruhusu kufanya kazi pamoja na mabasi ya UDA. Kitabu kinachohesabu mabasi ya UDA peke yake kisingemwona abiria wa gari la kificho, ingawa alifika kazini sawasawa. Na dada akiwapikia wanawe nyumbani wali ule ule, kwa mkaa ule ule, hesabu ya Pato la Taifa haimwoni kabisa.

Serikali imejitahidi, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 1991 ulifanywa utafiti wa kitaifa wa sekta isiyo rasmi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya tafiti za nguvu kazi, za mwaka 2014 na 2020/21, na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18. Desemba 2014 mwaka wa msingi ulihamishwa kutoka 2001 kwenda 2007, vyanzo vipya vikatumika, na pato la mwaka ule ule wa 2007 likaonekana kubwa kuliko lilivyoandikwa awali kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 msingi ukahamishwa tena kwenda 2015. Jirani zetu Wakenya walifanya hivyo Septemba 2014, pato lao likaongezeka kwa asilimia 25. Nigeria walipofanya hivyo Aprili 2014 baada ya kukaa na msingi wa mwaka 1990, pato lao liliongezeka kwa asilimia 89, kwa sababu simu, filamu na biashara nyingi zilikuwa zimekua bila kuhesabiwa sawasawa. Lakini ndugu wasomaji, siku ile ya tangazo hakuna Mnigeria aliyelala akaamka na shibe zaidi. Kilichobadilika ni daftari. Tofauti ya daftari isichukuliwe kuwa ni maendeleo, wala isidharauliwe, maana mipango na mikopo ya nchi hupimwa kwa daftari hilo.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, ambako ndiko kiatu kinabana. Somo halina bei sokoni. Kwa hiyo katika hesabu za nchi nyingi, mapato ya shule ya Serikali huandikwa kwa gharama zake, na gharama kubwa ni mshahara wa mwalimu. Maana yake ni kwamba nikifundisha au nisipofundisha, almuradi nimelipwa, huduma imetolewa. Nikiwa na watoto 45, ambao ndio kiwango kilichowekwa kwa mwalimu mmoja, au nikiwa na zaidi ya mara mbili yao, mimi katika hesabu ni yule yule.

Haya hayakunifikia kwa kusoma tu. Mwalimu mwenzangu wa Darasa la Pili alistaafu, na hatukuletewa mwingine. Nikabaki na Darasa la Kwanza na la Pili pamoja, watoto 118. Mwaka wake wa mwisho, kati ya watoto 52 wa Darasa la Pili, 46 walijua kusoma. Mwaka uliofuata, chini yangu, kati ya 57 walijua 38. Nilipokwenda kuomba mwalimu, ofisa mmoja alinionyesha fomu na kusema kuwa mishahara yote imelipwa na hakuna darasa lisilo na mwalimu, hivyo huduma haikusimama. Naye hakusema uongo. Fomu ndivyo ilivyosema.

Basi tupime tija yangu. Kwa mshahara, haikubadilika hata senti. Kwa vichwa vya watoto, imepanda mara mbili, na pengine ningestahili zawadi. Kwa watoto wa Darasa la Pili waliojua kusoma, shule imeshuka kutoka 46 hadi 38 wakati watoto wameongezeka. Kazi ni moja, na vipimo vitatu vimetoa majibu matatu. Wale watoto 19 ambao hawakujua kusoma hawamo katika fomu yoyote niliyopata kuijaza, lakini wamo kijijini, na wazazi wao hukutana nami njiani kila siku.

Wapo watakaosema: basi mwalimu alipwe kwa kila mtoto anayefaulu. Jambo hilo limewahi kujaribiwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350. Shule nyingine zilipewa Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa Sh. 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo, na nyingine zikapata vyote viwili. Fedha za shule peke yake hazikuinua matokeo ya mitihani. Ahadi kwa walimu peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyoinua elimu ya watoto waziwazi. Fundisho ninaloliona ni kwamba tija ya huduma si ya mtu mmoja. Ni ya mwalimu pamoja na kitabu, dawati na idadi ya watoto, kama vile tija ya dada ilivyo ya mkono wake pamoja na mkaa, maji na wateja. Kumpima mtu peke yake na kumlaumu kwa yasiyo yake ni dhuluma.

Uingereza nao walikuwa wakihesabu elimu kwa gharama, mpaka mwaka 1998 walipoanza kuhesabu kinachotolewa, na mwaka 2005 ripoti ya Atkinson ikawashauri waongeze na kipimo cha ubora. Hata sisi tunaweza kuanza kwa udogo wetu. Kila mwalimu mkuu ana daftari la mahudhurio. Kuanzia Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipofutwa, madaftari hayo yalijaa majina. Tuongeze safu moja tu: mtoto anasoma au hasomi. Watakwimu wapewe safu hiyo pamoja na ile ya mishahara.

Na kwa upande wa huku mitaani, wakati wa kuhesabu wachuuzi na mama lishe, waulizwe pia saa wanazofanya kazi na saa wanazongoja. Lakini wananchi waelezwe wazi kwamba anayeuliza si mtoza kodi wala mgambo. Dada yangu alinipa hesabu zake za kweli kwa sababu mimi ni mdogo wake. Karani mgeni angeambiwa sahani 20.

Nilipomsomea mzee wa Urafiki daftari langu barazani, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya, mwalimu, nimekubali unatoa kitu. Lakini wale 19 ni majora yaliyotoka na matundu. Sisi tulikuwa tunayaandika pembeni." Sikuweza kumbishia. Naomba sisi nasi tuyaandike, si kwa kumtafuta wa kumpiga, bali ili mwenye kugawa walimu ayaone.

Likizo imekwisha, narudi kwa watoto wangu.

Mwalimu wa Kijijini,
Mwananyamala kwa muda,
Dar es Salaam.